Mikono yote ina watoto: nageuzaje ukurasa bila kutumia pua?

Mama Mapacha, Arua

Habari zenu. Nina mapacha wa wiki tisa. Nawanyonyesha kwa pamoja, maana nikimtanguliza mmoja, anayesubiri analia mpaka jirani anagonga kuuliza kuna nini. Nakaa mkekani, mgongo ukutani, mto mapajani, mmoja kwapa la kushoto na mwingine la kulia. Hapo mikono imekwisha. Ni dakika arobaini hivi kila mara, mara nane au tisa kwa siku, na ndio muda pekee niliobaki nao wa kusoma.

Kaka yangu aliniletea mashine ya kusomea vitabu, ile ya kioo kama karatasi kisichochosha macho. Naiegemeza kwenye sufuria iliyopinduliwa juu ya kigoda. Shida ni kugeuza ukurasa. Nilianza na kidevu, lakini kidevu hukioni kinakogusa. Sasa natumia pua. Nainama kama kuku anayedonoa, tap, ukurasa unageuka. Pua ikikawia kidogo pale kiooni, kamusi inafunguka. Na kila nikiinama, yule wa kushoto anaachia ziwa na kilio kinaanza upya.

Nilijaribu pia kusomewa na simu. Ilikuwa bado kwenye sauti ya Kiingereza, na riwaya ni ya Kiswahili. Ilipofika kwenye "ng'ombe wa mjomba", baba watoto alicheka mpaka wote wawili wakaamka.

Hata hivyo nataka kusoma kwa macho yangu mwenyewe. Kusimuliwa nasimuliwa kutwa na mama mkwe. Kuna njia?

Fundi wa Ntinda

Nnalongo, hongera sana! (Huku Kampala ndivyo anavyoitwa mama wa mapacha, sijui Arua wanakuitaje.)

Niliwahi kuvunjika mkono kwa boda, nikaagiza rimoti ya kugeuza kurasa. Ni vipande viwili: kibanio unachokibana kwenye ukingo wa mashine kikaingia kidogo juu ya kioo, na kitufe cha kushika. Ukibonyeza, kibanio kinakidanganya kioo kwamba kidole kimegusa. Hakiulizi mashine ni ya kampuni gani, mradi kioo kiwe cha mguso kama cha simu.

Kibane upande wa kulia. Kitafunika herufi mbili tatu mwishoni mwa mistari, kwa hiyo ongeza pambizo. Vipande vyote viwili vinachajiwa, na ni kile cha kubana unachokisahau, kisha kinazimika katikati ya sura tamu. Kitufe nilikifunga na mpira kwenye kidole gumba. Lakini wewe miguu si iko huru? Kiweke chini ya kisigino.

Mwalimu Mstaafu, Gulu

Binti yangu, kabla hujatoa pesa, jaribu hili. Kama mashine yako ni Kindle, ile ya kampuni ya Amazon, yenye Bluetooth, ndani yake kuna programu ya kusoma kwa sauti, msomaji anayeitwa VoiceView, aliyewekwa kwa ajili ya wasioona na sisi wenye macho yaliyofifia. Mashine yenyewe haina spika, kwa hiyo lazima uunganishe spika ya nje au ya masikioni. Akianza kusoma mfululizo, anageuza kurasa mwenyewe. Basi iunganishe spika, mpe mwendo unaolingana na macho yako, kisha punguza sauti kabisa. Yeye atajisomea kimyakimya, wewe utasoma kwa macho, na ukurasa utageuka wenyewe. Matamshi yake hayakuhusu tena!

Ila ujue, akiwa amewashwa, kioo kinabadilika tabia: kugusa mara moja kunasoma tu jina la kitu, kukifungua ni kugonga mara mbili. Wengi huchanganyikiwa hapo wakadhani mashine imeharibika.

Kindle 2 ya mwaka 2009 ilikuwa na spika yake na ilisoma kwa sauti. Chama cha waandishi cha Marekani kikalalamika, na Amazon ikawaachia wenye haki za vitabu waamue kipi kisomwe na kipi kinyamaze. Sisi wa macho mabovu hatukufurahi hata kidogo.

Kijana wa Jinja

Mwenye mashine ya aina ya Kobo anaweza kuweka programu ya KOReader, ni ya bure, ina saa ya kugeuza ukurasa kila baada ya sekunde unazopanga. Mimi naipenda nikimenya matooke. Lakini mama, saa haijui kwamba mtoto amecheua. Ukirudi, hadithi imeshavuka mto bila wewe.

Kuhusu simu: ingia kwenye mipangilio ya kusoma maandishi kwa sauti, ya Google ina Kiswahili. Pakua sauti hiyo, ng'ombe watapona.

Mama Mapacha, Arua

Asanteni, na shikamoo mwalimu. Jana usiku nilijaribu mbinu yako nikiwa na spika ndogo ya baba watoto. Mwanzoni mwendo ulikuwa wa mbio, nikabaki nyuma kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikaupunguza. Kurasa kumi na nne, pua haijagusa kitu.

Halafu yule wa kulia akacheua juu ya spika. Fundi, hiyo rimoti yako, ukiagiza inachukua siku ngapi kufika?