Nafasi nne tu kabatini: raifo zipi, na shotigani ipi? Naombeni ushauri

Nafasi_Nne

Habari zenu wakuu. Vibali ninavyo, kabati la chuma limeshafungwa ukutani kwa bolti, lina nafasi nne na ya tano sitaongeza. Nataka mkusanyiko mdogo wa bunduki ambazo zote zitaenda uwanja wa shabaha, siyo mapambo. Orodha iko hivi: .22 moja ambayo sijaichagua, raifo ya bolti, nayumba kati ya Mauser 98 na Lee-Enfield, Winchester 94, halafu shotigani. Kwenye shotigani ndipo ninapokosa usingizi. Browning Auto-5, au ile ya zamani ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu? Moyo uko kwenye mitutu miwili. Naomba majibu kabla ya Ijumaa.

Bi_Shabaha

Kaka, anza na .22, hizo nyingine zitakuja zenyewe. Risasi ya .22 LR ipo tangu 1887 na mpaka leo hakuna inayofundisha mkono na jicho kama hiyo. Chukua ya bolti kama unataka kulenga kwa utulivu, au Ruger 10/22 (imeanza kutengenezwa 1964) kama unataka inayojipakia yenyewe na vipuri visivyoadimika.

Mambo mawili. Usifyatue .22 tupu ovyo: kwenye nyingi, hasa za zamani, pini inagonga ukingo wa chemba (pale risasi inapokaa) na kuacha kidonda, baadaye maganda yanakwama. Na ukisafisha, ingiza ufito kutokea nyuma, siyo mdomoni. Mitutu mingi ya .22 imeharibiwa na ufito unaosugua mdomo kuliko risasi zenyewe.

Fundi_Mtambo

Mauser 98. Kucha yake inaishika risasi tangu inapotoka kwenye magazini, kwa hiyo haipakii mbili kwa mpigo na ganda halibaki ndani kirahisi. Lakini ukipata ya milimita 7.92, usinunue kabla ya kupima mtutu. Za mwanzo zilitengenezewa risasi ya kipenyo cha inchi .318, baadaye Wajerumani wakahamia .323. Kwa macho huwezi kutofautisha. Bunduki ikiwa tupu na bolti imetolewa, sukuma kipande laini cha madini ya risasi, kilichopakwa mafuta, kipite mtutu mzima, kisha kipime kwa kalipa pale ilipojichora mifereji. Kupiga .323 kwenye mtutu wa .318 ni kutafuta msiba.

Lee-Enfield ni tamu, bolti yake haina mpinzani kwa wepesi na inabeba risasi 10. Angalia namba ya bolti ilingane na ya mwili. Zisipolingana, nafasi kati ya uso wa bolti na tako la risasi inaweza kuwa kubwa mno. Ganda linanyooka na kukatika karibu na tako. Dalili ni mstari unaong'aa kuzunguka ganda lililopigwa, juu kidogo ya ukingo. Kwenye Lee-Enfield aina ya No. 4 kuna ahueni, vichwa vya bolti vimepigwa namba 0 hadi 3, unabadilisha mpaka kipimo kikae sawa.

Mlezi_wa_Zana

Mnaruka jambo la msingi. Kabati ni la bunduki. Risasi ziwe na sanduku lake, kufuli lake na ufunguo wake, na funguo zisikae pamoja. Mwenye nyumba yenye watoto asisubiri kuambiwa.

Pia usihifadhi bunduki ndani ya mfuko wa ngozi au wa sponji. Vinanyonya unyevu na kuubana juu ya chuma. Mwezi mmoja unatosha kutu kuanza. Unyevu wa kabati uwe kati ya asilimia 40 na 50. Ukishuka sana, mbao ya kitako inapasuka.

Jicho_Moja

Mkuu, Ijumaa kuna nini?

Nafasi_Nne

Ahsanteni sana. .22 nimeelewa. Ijumaa ni siku ya kumjibu mtu tu, isiwasumbue. Naomba turudi kwenye shotigani.

Jicho_Moja

Mtu gani, na anakuuzia nini? Anayeuliza "au" huwa hana tarehe. Wewe una tarehe.

Bi_Shabaha

Nami nimeliona hilo. Tuambie kaka, tukushauri kitu kilichopo.

Nafasi_Nne

Sawa. Nimeshaweka malipo ya awali kwa ile ya mitutu miwili. Geji 12, ya Kiingereza, mitutu ya Dameski, yale mawimbi yake yanaonekana wazi kabisa. Lakini sijakurupuka. Ndani inang'aa, haitikisiki, kitako hakina ufa. Mwenyewe kapima chemba mbele yangu, milimita 65. Tukajaribu katriji ya kawaida ya milimita 70, ikaingia yote na bunduki ikafunga bila kulazimishwa. Hatukupiga. Mpango wangu ni kupiga nyepesi tu za gramu 24, mara chache. Sioni tatizo, nilitaka tu kusikia na wengine.

Jicho_Moja

Hapa ndipo hadithi inapovunjika. Katriji ya 70 itaingiaje yote kwenye chemba ya 65? Milimita 5 zimekwenda wapi? Huyu anatunga, wakuu. Amesoma vitu viwili vitatu anatuchezea. Fundi, usipoteze muda wako.

Mlezi_wa_Zana

Mimi pia nimesita hapo. Na kama ni uongo ni uongo mbaya, maana kuna atakayeusoma akadhani inawezekana.

Nafasi_Nne

Nimeona kwa macho yangu. Sina sababu ya kudanganya watu ninaowaomba msaada.

Fundi_Mtambo

Jicho, alichosema kinawezekana, na ndicho kinachowaponza watu. Urefu ulioandikwa kwenye katriji ni wa ganda lililokwisha kupigwa, mdomo ukiwa umefunguka. Kabla ya kupigwa, mdomo umekunjwa kwa ndani na katriji ni fupi. Chukua ya 70 mpya uipime: utapata chini ya 65. Inaingia kwenye chemba ya 65 kama iliyotengenezewa hapo, bunduki inafunga vizuri, mwenye nayo anaridhika.

Tatizo linakuja ikifyatuliwa. Mkunjo unafunguka, ganda linahitaji zile 70 zake, chemba inaishia 65. Mdomo wa ganda unaingia kwenye sehemu ile inayopungua kutoka chemba kwenda kwenye mtutu. Pale panakuwa pembamba kuliko panavyotakiwa, kizibo cha ndani ya katriji na marisau (vile vigololi vidogo) vinajibana kupita, na shinikizo linapanda mahali ambapo lilikuwa kubwa tayari. Kwa hiyo "imefunga yenyewe" siyo ushahidi wa chochote. Na gramu 24 hazikuokoi: uzito wa marisau ni jambo moja, shinikizo ni jingine. Zipo katriji nyepesi zenye shinikizo kubwa kuliko nzito.

Jicho_Moja

Nimekuelewa, hilo naliondoa. Lakini bado nataka kujua kama bunduki ipo. Mkuu, toa mbao ya mbele, toa mitutu, igeuze, utuandikie kila kilichogongwa chini yake. Kila herufi.

Nafasi_Nne

Nimempigia mwenye nayo, kanisomea. Mtutu wa kulia na wa kushoto yote miwili imeandikwa NOT FOR BALL. Pia 12 B, na pembeni yake 14 M. Alama mbili ndogo zenye taji. Hakuna urefu wa chemba ulioandikwa. Hakuna NP. Herufi nyingine zimefutika.

Fundi_Mtambo

Bunduki ipo. Mtu anayetunga hawezi kuokota 12 B na 14 M hewani.

NOT FOR BALL iligongwa Uingereza kati ya 1875 na 1887 kwenye mitutu iliyobanwa mdomoni. Maana yake usipige gololi moja nzima, maana haitapita. B ni kipenyo cha ndani, M ni cha mdomoni. Geji 12 ni kama milimita 18.5, geji 14 ni 17.6. Midomo ya mitutu yako yote miwili imebanwa karibu milimita 0.9, kubana kwingi. Marisau ya feleji yasikaribie kabisa hapo. Hayabonyei kama ya madini ya risasi, na mbano wa namna hiyo kwenye chuma laini utavimba au kupasuka.

Miaka hiyo bunduki hizi zilijaribiwa kwa baruti nyeusi. Kukosekana kwa NP, alama ya kujaribiwa kwa baruti isiyo na moshi, kunamaanisha hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba mitutu hii imewahi kupimwa kwa baruti isiyo na moshi. Katriji zote za kawaida unazoziona ni za hiyo isiyo na moshi.

Nafasi_Nne

Lakini ndani inang'aa kama kioo.

Fundi_Mtambo

Inang'aa kwa sababu pengine imesuguliwa, na kila ikisuguliwa unene unapungua. Dameski ni vipande vya chuma na feleji vilivyosokotwa na kuunganishwa kwa moto na nyundo. Chumvi za baruti nyeusi zinaweza kula maungio ndani kwa ndani bila jicho kuona.

Usimjibu Ijumaa kabla ya haya. Kwanza toa mbao ya mbele, funga mitutu, shika kitako utikise. Mbao ya mbele inakaza kila kitu na kuficha mlegeo, ndiyo maana "haitikisiki" yako haijanishawishi. Ishike kwenye mwanga: ukiona mwanga kati ya mitutu na ukuta wa nyuma, imelegea. Pili, ning'iniza mitutu peke yake kwa kidole kwenye ndoano yake, uigonge taratibu kwa ukucha. Ikilia kama kengele, lehemu ya kati iko sawa. Ikitoa mlio mfu, imeachia mahali. Tatu, itazame ndani ikielekea dirishani, ukiizungusha polepole. Kivuli cha pete ni uvimbe.

La nne ni la fundi mwenye vipimo, siyo lako: unene wa ukuta wa mtutu sehemu zote, na kipenyo cha ndani inchi 9 kutoka nyuma. Ukuta ukiwa chini ya milimita 0.5 mahali popote, hiyo ni ya kutazama, siyo ya kupiga. Akisema imepona, piga katriji za baruti nyeusi za 65, marisau ya risasi, basi. Au ipelekwe ijaribiwe upya rasmi, ukijua kwamba jaribio lenyewe linaweza kuiua.

Bi_Shabaha

Kaka, malipo ya awali yasikuburute. Mwambie atoe bunduki ikapimwe. Akikataa, jibu umeshapata.

Nafasi_Nne

Amekubali ipimwe, Ijumaa imesogezwa. Ikishindwa nitaichukua hata hivyo kwa bei ya pambo, ile kazi ya mikono siwezi kuiacha iende. Nimeshaamua. Auto-5 nayo naichukua, Winchester 94 itasubiri.

Mlezi_wa_Zana

Ulisema zote zitapigwa.

Nafasi_Nne

Tatu zitapigwa. Hii moja nitaitunza.

Mpenda_94

Umeacha kitu kizuri, mkuu. Ukiirudia, tafuta iliyotengenezwa kabla ya 1964. Baada ya hapo walibadilisha chuma na sehemu nyingi za ndani. Na usiweke kamwe risasi zenye ncha kali kwenye magazini yake ya bomba, kila ncha inalalia fataki ya risasi iliyo mbele yake.

Fundi_Mtambo

Kama ni ya kutunza, iweke mitutu ikiangalia chini. Ikisimama kawaida, mafuta yanashuka mpaka kwenye shingo ya kitako, mbao inalainika na kupasuka kwa pigo moja.

Kwa Auto-5, kabla ya risasi ya kwanza fungua mbao ya mbele uangalie pete. Katriji nzito: pete ya chuma ikae kati ya springi na breki ya shaba, upande uliochongwa mshazari ukiielekea breki. Katriji nyepesi: pete irudi nyuma ya springi, iguse mwili wa bunduki, breki ilalie springi moja kwa moja. Ukipiga nzito na pete ikiwa nyuma, mtutu unarudi kwa nguvu zote na mbao ya mbele inapasuka. Ukiona ufa hapo kwenye ile unayouziwa, ujue ndiyo sababu. Bomba la magazini lipakwe mafuta kidogo sana, kisha lifutwe, maana breki inafanya kazi kwa msuguano. Na kama ni geji 16 ya zamani, pima chemba. Za mwanzo zilikuwa za 65 vilevile.