Mapori yaliyopiganwa vita yapimwe kwa leza kutoka angani, ila ramani isimwagwe hadharani. Tujadili

Mleta mada:
Wakuu salaam. Kuna hoja inazunguka sana kwa wapenda historia hapa Dar, kwamba na sisi tupime viwanja vya vita vya zamani kwa leza kama Wafaransa walivyofanya kwao Verdun, uwanja wa Vita ya Kwanza ya Dunia, afu ramani zote ziwekwe wazi kila mtu ashushe bure. Nusu ya kwanza naiunga mkono kwa mikono miwili, ya pili naipinga.

Kwa asiyejua, ndege au droni inapita juu inapiga leza chini, mapigo maelfu kwa maelfu kila sekunde, mengi yanaishia kwenye majani ila machache yanapenya kwenye mianya yanagusa udongo, mashine inapima muda wa pigo kwenda na kurudi ndo inajua liligonga umbali gani. Baadaye kwenye kompyuta unaiondoa miti yote unabaki na ardhi tupu. Verdun walipigana karibu mwaka mzima wa 1916, vita ilipoisha msitu ukapandwa juu yake, na 2013 walipoupima kwa leza mahandaki na mashimo ya mizinga yakaonekana chini ya miti, sehemu ambazo mtu akipita kwa mguu anaona vichaka tu.

Sasa njoo kwetu. Vita hiyo hiyo ilifika huku, Waingereza na Wajerumani wakipigana kwenye ardhi yetu. Mahiwa kule Lindi, Oktoba 1917, siku nne tu, upande wa Waingereza peke yake waliouawa na kujeruhiwa walizidi 2,000, na wengi waliokuwa wanapigana pande zote mbili ni Waafrika, hadi wanajeshi wa kutoka Nigeria walikuwepo. Beho Beho alikouawa Selous, yule mwindaji maarufu wa Kiingereza, Januari 1917 saivi ipo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Na kabla ya hapo Majimaji, 1905 mpaka 1907. Afu kuna wapagazi, waliobebeshwa mizigo ya majeshi. Hii Kariakoo tunayouzia nguo na simu ilikuwa kambi yao. Upande wa Waingereza tu wanakadiriwa kufa zaidi ya 90,000, wengi wao siyo kwa risasi, ni kuhara, malaria na njaa, wakazikwa njiani bila jina. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba Waafrika wengi hawakukumbukwa kama wenzao wazungu, ikaomba radhi. Kwa hiyo kupima ni deni, hapo sibishani na mtu.

Shida yangu ni mali zinazodaiwa kufukiwa na Wajerumani. Nani hajui hizi habari? Watu wanachimba usiku kwenye maboma, kwenye misingi ya majengo ya zamani, hadi makaburini, wanatafuta rupia (hela za enzi za Mjerumani) na dhahabu, mganga kawaambia ipo hapo. Mtu wa namna hiyo unampa ramani yenye kila shimo na GPS yake? Na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ulinzi wake wa moja kwa moja unaishia karne ya 19, handaki la 1917 halimo mpaka Waziri alitangaze. Yaani tunamwonyesha mwizi mlango kabla hatujaweka kitasa.

Mkazi wa Tandale:
Mkuu nakuheshimu ila hapa sikubali. Ramani Huria, ule mradi wa ramani za jamii hapa Dar, ulipochora mitaa yetu inayofurika, vijana wa vyuo na wakazi wenyewe walitembea kila uchochoro, droni zikapita, na kila kitu kikawekwa wazi. Kusingekuwa wazi sisi wa mtaani tungeonea wapi? Ukificha data haifichiki kwa wote, inafichika kwa mwananchi tu, mtafiti wa nje ataondoka nayo kwenye laptopu yake na siku moja utaisoma kwenye chapisho la kulipia. Wachimbaji wa mali wanachimba miaka yote bila ramani yoyote.

Mzawa wa Lindi:
Hilo la mwisho ni kweli, kwetu mashimo yapo tayari. Ila niongeze kitu, leza inaona umbo, haioni mwaka. Shimo la tanuri la mkaa, kichuguu kilichochimbwa na handaki vinaweza kufanana kabisa huko juu, lazima mtu ashuke akakague kwa miguu, na anayejua pori ni mzee wa pale, siyo kompyuta. Halafu warushe kiangazi miombo ikiwa imepukutisha majani, wakija masika wamepoteza hela.

Mdau wa Mbagala:
Zahanati hazina dawa nyie mnawaza mahandaki ya Mjerumani.

Mleta mada:
Mdau wa Mbagala, uchungu wako naujua, ila ndege ikishapita kipimo kile kile kinaonyesha mikondo ya maji na mwinuko wa ardhi, mhandisi wa barabara na mtu wa misitu wanakitumia pia. Siyo hela ya mahandaki peke yake.

Ndugu wa Tandale, mtaa unaofurika na kaburi lisilo na jina siyo kitu kimoja. Ule ukichorwa wazi anaokoka mtu, hili likichorwa wazi linafukuliwa. Lakini hofu yako ya watafiti wa nje ni ya kweli, kwa hiyo napendekeza hivi: umma upate picha ya jumla, kata kwa kata, bila nukta kamili za GPS, na nakala kamili ibaki nchini, Idara ya Mambo ya Kale na kwenye halmashauri ya kijiji husika, COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) wanapotoa kibali cha utafiti waandike sharti hilo humo humo. Na Mzawa wa Lindi umenipa hoja nzito zaidi: handaki lilichimbwa na jeshi kwa mpango, litaonekana, mpagazi aliyefukiwa pembeni ya njia leza inaweza isimwone kabisa. Tukipima mahandaki tu tutawakumbuka tena wale wale maofisa. Ndo maana nataka njia zao za mizigo na kambi zao ziwe za kwanza kwenye mpango wa ndege, na wazee waulizwe kabla haijaruka.

Linalobaki ni kijiji kikikataa nukta zake kutolewa hata kwa chuo kikuu, kisikilizwe? Mi nasema kisikilizwe. Anayepinga alete hoja.