Mjadala: Kituo cha pamoja cha redio ya ridhaa Mombasa kianze na transiva ya zamani au mpya?

Mwenye mada

Ndugu zangu, salaam. Tumekwisha kukubaliana kwamba wenye leseni za redio ya ridhaa hapa Mombasa, pamoja na vijana wanaojiandaa kuomba leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano, wanahitaji kituo kimoja cha pamoja badala ya kila mtu kujifungia nyumbani na mitambo yake. Lililobaki, na ndilo lililotugawa, ni transiva, yaani redio inayotuma na kupokea. Upande mmoja unataka tuichukue Kenwood TS-520 ya miaka ya 1970 ambayo familia ya mwenzetu wa zamani iko tayari kutuachia kwa bei nafuu. Upande wa pili unataka tuchange tuagize Icom IC-7300, iliyoingia sokoni mwaka 2016, au nyingine ya kizazi chake. Mimi niko upande wa pili. Nitaeleza sababu zangu, kisha nikosolewe.

Kituo hiki tumekitetea mbele ya watu kwa hoja ya dharura. Tsunami ya Desemba 2004 ilipopiga visiwa vya Andaman, waendeshaji wa redio ya ridhaa kutoka India waliokuwa Port Blair ndio waliopitisha habari za jamaa wakati simu zimekufa, na mawimbi ya tsunami hiyo hiyo yalifika hadi pwani yetu. Agosti 2023 giza liliikumba karibu Kenya nzima kwa saa nyingi, na Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora. Kwa hiyo la kwanza kuulizwa ni redio ipi itakuwa hewani saa ambayo umeme wa gridi haupo.

Tupige hesabu. Valvu mbili za mwisho za TS-520, zile taa za kioo zinazokuza ishara ya kutuma, ni za aina ya S2001A, jamaa wa 6146B, na nyuzi za kuzipasha moto peke yake hula takriban wati 14 kabla hujasema neno. IC-7300 nzima, ikiwa imewashwa inasikiliza, huvuta ampea 0.9 kwa volti 13.8, yaani wati 12 na kidogo. Betri ya ampea-saa 100, hata tukijizuia kutumia nusu yake ili isife mapema, itaiweka redio hiyo ikisikiliza kwa zaidi ya saa 50. Ni kweli kwamba ukituma kwa wati 100 inaweza kuvuta hadi ampea 21 na hesabu ikabadilika, lakini kituo cha dharura husikiliza zaidi ya kinavyosema. Valvu za TS-520 hudai volti nyingi, na kuilisha kwa betri kunahitaji kigeuzi cha umeme, cha ndani au cha kuongezwa, chenye upotevu wake na kelele zake.

Kuna na suala la bendi, yaani vipande vya masafa vinavyotajwa kwa urefu wa wimbi. Mkutano wa dunia wa redio uliofanyika Geneva mwaka 1979 ndio uliotugawia mita 30, 17 na 12, na redio iliyobuniwa kabla ya hapo haizijui. Wala haina mita 6, na hiyo kwetu ni hasara ya pekee, kwa sababu sisi tulioketi kusini kidogo ya ikweta hupata jioni ambazo, jua likiwa na shughuli nyingi, mawimbi ya megahezi 50 huvuka ikweta na kutua Mediterania kwa nguvu inayoshangaza.

Mwisho ni FT8, mtindo wa kidijitali uliotolewa mwaka 2017 na Joe Taylor na Steve Franke, ambao ndio unaowavuta vijana wengi. Zamu zake ni za sekunde 15, na katika kila zamu ya kutuma redio hufanya kazi bila kupumua kwa sekunde 12.64. Valvu zilizozoea mapumziko ya mazungumzo ya kawaida huteseka, na masafa ya redio ya zamani huhama kadiri inavyopata joto. IC-7300 huunganishwa na kompyuta kwa waya mmoja wa USB. Ya zamani inadai kisanduku cha kuunganishia, na mtu wa kukitengeneza.

Fundi, Mwembe Tayari

Mwenye mada amehesabu wati vizuri, ila amesahau swichi. TS-520 ina swichi ya kuzima moto wa valvu hapo hapo mbele, na kwa kuwa sehemu ya kupokea ni ya transista, unaweza kusikiliza usiku kucha huku valvu zimezimwa, ukaziwasha dakika moja kabla ya kutuma. Basi zile wati 14 ziondolewe kwenye mashtaka. Suala la kigeuzi nakubali libaki.

Hoja yangu mimi ni ukarabati. Tunaishi kwenye hewa ya chumvi. Kifaa chochote kinachokaa karibu na bahari, hata ndani ya nyumba, kitaota kutu ya kijani kwenye viungio baada ya misimu michache, na swali si iwapo kitaharibika bali ni nani atakifungua. Ukiifungua TS-520 unakuta rezista unayoweza kuishika kwa vidole, kapasita yenye maandishi yanayosomeka, na mchoro wa saketi ambao fundi aliyejifunzia kwenye redio za nyumbani anaufuata kwa mita na bunduki ya lehemu. Ukiifungua ya kisasa unakuta vipuri vidogo kuliko punje ya mchele vilivyobandikwa kwenye bodi ya tabaka kadhaa, na ubongo wake ni chipu ambayo, ikifa, hakuna duka la hapa mjini litakalokuuzia. Itabidi isafirishwe nje, na siku hizo zote kituo chenu cha dharura kitakuwa meza tupu.

Kisha kuna kufundisha. Kijana akikaa mbele ya IC-7300 anagusa kioo, redio inafanya yote, naye hajui kilichotendeka. Akikaa mbele ya Kenwood, anaweka mita kwenye mkondo wa valvu, anahakikisha mkondo wa kutulia ni miliampea 60, anazungusha kitufe cha DRIVE mpaka sindano ipande, halafu anazungusha kile cha PLATE polepole huku akiitazama sindano ikishuka, ikishuka, kisha ikaanza kurudi juu. Pale iliposhuka kabisa ndipo saketi ilipokubaliana na masafa. Anaongeza LOAD, anarudia PLATE. Nimewaona wanafunzi ambao mwalimu aliwachorea mlinganyo wa saketi ya mwangwi ubaoni wasimwelewe, wakauelewa kwa sindano hiyo.

Afisa wa redio wa meli, mstaafu, Tudor

Wanangu, nimewasikiliza nyote wawili. Nilifanya kazi ya Morse baharini hadi ulipotuondoa GMDSS, mfumo wa dunia wa mawasiliano ya dharura baharini, ambao ulikamilika Februari 1999, kwa hiyo redio za vizazi vyote zimepita mikononi mwangu. Mnazungumza kana kwamba zamani ni kitu kimoja, na mpya ni kitu kimoja. Sivyo.

Redio nyingi za mtindo wa TS-520 zilileta ishara moja kwa moja kwenye masafa ya kati ya chini, yaani masafa ya ndani ambako redio huichuja ishara kabla ya kuisikiliza, megahezi 3.395 kwa hiyo mnayoitaja, na filta nyembamba ya kristali ilikuwa karibu na mlango. Kituo chenye nguvu kilichokaa kilohezi 2 pembeni yako kilizuiwa mapema. Miaka ya 1980 na 1990 watengenezaji walitaka redio moja ipokee masafa yote bila mapengo, wakapandisha masafa ya kati ya kwanza hadi megahezi 45, 70 na kadhalika, ambako filta za wakati huo zilikuwa na upana wa kilohezi 15 hivi. Jirani mwenye nguvu akawa anaingia hadi sebuleni kabla ya kukutana na mlinzi. Rob Sherwood wa Marekani amepima mapokezi ya namna hii kwa miongo kadhaa, na jedwali lake linaonyesha wazi kwamba zipo redio za bei kubwa za miaka hiyo zilizoshindwa na za kabla yake. Elecraft K3 ya mwaka 2007 na Kenwood TS-590S ya 2010 zilirudi kwenye njia ya masafa ya chini, na hizi za sasa kama IC-7300 hubadilisha ishara zote za antena kuwa namba bila hatua hiyo ya kati. Hata hivyo nazo zina kikomo. Jioni kwenye mita 40, vituo vya utangazaji vilivyo juu ya megahezi 7.2 vikipamba moto, taa ya OVF ikiwaka mjue kwamba mlango umefurika, na mpunguze nguvu ya mapokezi.

Kama mnataka kuamua kwa masikio, ziwekeni redio mbili kwenye antena moja na swichi, msikilize megahezi 14.100. Pale kuna mtandao wa vinara 18 duniani, yaani vituo vinavyotuma ishara za kupimia usikivu, Kenya ikiwa na alama yake 5Z4B, na kila kimoja hupewa sekunde 10 katika mzunguko wa dakika 3. Kinatuma alama yake kwa Morse, kisha mistari minne mirefu ya sekunde moja moja: wa kwanza wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, wa nne sehemu moja ya kumi ya wati. Hesabuni mistari mnayoisikia ya 4X6TU wa Israel au ZS6DN wa Afrika Kusini kwa kila redio. Nina hakika mtashangaa jinsi tofauti ilivyo ndogo kwenye bendi tulivu, na mtaacha kugombana juu ya usikivu.

Mchangiaji, Mtwapa

Shikamoo Mzee, na asante. Mimi naishi kwa sola na naona mmeiruka njia ya katikati. Kwa nini tusitafute transiva ya mtumba ya volti 12, kama Icom IC-706 au Yaesu FT-857? Zina mita 6, zina bendi za 1979, bei yake haifikii ya mpya ambayo mara nyingi hupita dola 1,000 kabla ya VAT ya asilimia 16 na ushuru, na hazihitaji volti mia nane za kuua mtu.

Nitaongeza jambo ambalo nadhani wenzangu wa kisiwani wanalijua vizuri. Adui wetu mkubwa kwenye bendi za chini si jirani mwenye nguvu, kwa kuwa waendeshaji wenzetu hapa ni wachache. Ni kelele za chaja za bei rahisi, balbu za LED na vidhibiti vya sola, kikiwemo changu. Kwenye redio mpya naziona kelele hizo kwenye kioo kama mistari iliyopangika kwa nafasi sawa, nikazima kifaa kimoja baada ya kingine mpaka mistari ikatoweka. Kwa redio ya zamani ningebaki kusikia mngurumo tu bila kujua unatoka wapi.

Mwenye mada

Mzee, shikamoo. Nakubali somo la filta, nalo linanisaidia kumjibu dada wa Mtwapa. Njia ya katikati ndiyo inayonitia hofu kuliko zote mbili. Redio za miaka ya 1980 zina kompyuta ndani, lakini kompyuta ya wakati wake. Icom IC-751 iliweka programu yake kwenye kumbukumbu inayolindwa na betri ya lithiamu, na betri ikiisha redio husahau kazi yake. Kenwood TS-440S ilitiwa gundi ya kuzuia mtikisiko ambayo baada ya miaka huanza kupitisha umeme, na namba za masafa hugeuka vitone. Hizo mbili ulizotaja ni za baadaye na afya yake ni bora, ila mtumba wa umri huo unaharibika kama kifaa cha kisasa na spea zake zinatafutwa kama za valvu. Tukipata moja ambayo fundi wetu ameifungua na kuiona kwa macho, sitaipinga. Kununua kwa picha, hapana.

Ndugu Fundi, kuhusu swichi umenishinda. Kuhusu ukarabati, umesema kweli upande mmoja. Rezista tutazipata, lakini valvu je? Ndugu wa TS-520, Yaesu FT-101E, ilitumia 6JS6C, valvu iliyobuniwa kwa ajili ya televisheni ambayo haitengenezwi tena. Familia ya 6146 ina akiba kubwa zaidi duniani, na bado ni akiba inayopungua, inayoagizwa nje vilevile, ikipita forodha ile ile. Na volti mia nane hubaki ndani ya kapasita hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, jambo ambalo kijana wa miaka kumi na saba huweza kulisahau siku moja tu.

Pendekezo langu basi ni kwamba michango inunue redio mpya kwa ajili ya kituo, na TS-520 ichukuliwe kwa ajili ya meza ya mafunzo, ikae chini ya Fundi, ifunguliwe yeye akiwepo tu. Kapasita zake kubwa zipimwe kabla ya kuwashwa, kwa kuwa imekaa muda mrefu bila umeme, na iamshwe kwa volti za kupandishwa taratibu.

Fundi, Mwembe Tayari

Meza ya mafunzo naipokea. Kura yangu kwa redio mpya, hata hivyo, haijapatikana. Katika bajeti iliyosambazwa sijaona kigeuza umeme cha pili cha volti 13.8, sijaona kinga ya radi kwenye waya wa antena, na masika yanakuja. Redio ya valvu huvumilia msukumo wa radi ya mbali ambao unaweza kuchoma mlango wa redio ya kisasa, na sehemu hiyo ndiyo nisiyoweza kuwatengenezea. Viongezwe hivyo viwili, hata kama ni lazima kuchelewesha ununuzi hadi michango ya duru ijayo. Visipoongezwa, naendelea kupigia kura Kenwood kwa kituo.