Kivuli cha zambarau chini ya mti, hii ni makosa au?

mtoto_wa_mlimani (Mbale)
Wadau habari zenu. Saluni ninaponyolea kuna kalenda ya zamani ina picha ya kuchora ya mzungu anaitwa Pissarro, watu wanavuna matofaa kijijini Éragny Ufaransa, mwaka 1888. Mmoja ana fimbo ndefu anaangusha matunda, wanawake wameinama wanaokota. Sasa kivuli cha mti kimepakwa zambarau na bluu, vidoti vidoti, nikamwambia kinyozi huyu jamaa aliishiwa nyeusi. Halafu mimi nimekulia kwenye kahawa, msimu ukifika mgongo unakatika, hawa mbona kama wako arusini?

rangi_mkononi
Hakuishiwa bwana, nyeusi aliiacha makusudi. Wale waimpreshonisti, yaani yeye na wachoraji wenzake, walichora vile jicho linavyoona, na hapo kivulini jua halifiki ila mwanga wa anga unafika na anga ni bluu, ndo maana kivuli kinavuta bluu. Vidoti alijifunza kwa wachoraji vijana, Seurat na Signac, yeye akiwa na miaka hamsini na kitu. Unaweka rangi safi kandokando, ukisimama mbali jicho lenyewe linachanganya. Kazi ya polepole mno, baadaye akaiacha. Rudi nyuma hatua tatu nne utaona. Yenyewe iko Dallas Marekani, kalenda nyingi zinaharibu rangi

Mama Nubi
Mwanangu, kuhusu mgongo. Huyo mzee hakuwa mtalii, alihamia hapo Éragny 1884 akaishi na hao wakulima mpaka kufa. Kuna wachoraji wakichora mkulima lazima umuonee huruma, huyu hakutaka. Siku ya kuvuna si watu wanapiga soga? Au nyie huko mlimani mnachuma kahawa mkilia 😄

bodaphilosopher
fimbo kwenye kahawa ungechapwa wewe, unaangusha mbichi na mbivu pamoja

mtoto_wa_mlimani
😂 Mama shikamoo, nimekubali, soga zipo tena nyingi. Jana nimeanika kahawa kwenye turubali jeupe, saa nane hivi, nikanyoosha mkono nikaangalia kivuli chake na wallahi kina bluu, miaka yote sijawahi kuona. Nikamwita kinyozi nimuonyeshe akasema ni turubali limechuja rangi