Mrejesho: mama amepona mafua, na sukari imetulia

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini sukari ya mama, mwenye kisukari aina ya 2, ilipanda hadi 17 mmol/L akiwa na mafua makali na hata kula hali. Asanteni mlionijibu, amepona.

Daktari alitufafanulia. Mwili ukipambana na virusi hutoa homoni kama kotisoli na adrenalini. Homoni hizo hulifanya ini limwage sukari kwenye damu, na insulini, inayoshusha sukari, inazidiwa. Sukari ikibaki juu, seli nyeupe za kinga zinalegea, huku uvimbe kwenye njia ya hewa ukichelewa kutulia hata virusi vikipungua. Mimi niliugua naye nikapona kwa siku 6. Yeye kikohozi kilimganda wiki 5.

Kinachoniuma ni kwamba tuliacha kumpima siku 2 nzima, tukidhani kwamba mtu asipokula, sukari yake itashuka. Nilipomchoma kidole usiku ule, midomo ilikuwa imemkauka na damu ilitoka kwa shida. Siku hizi akiugua tunampima kila baada ya saa 4, anakunywa maji kidogo kidogo, na haachi dawa yoyote bila kumuuliza daktari. Chanjo ya mafua ameshachomwa.