Seiko 5 inatangulia dakika nne kwa siku, niguse wapi?

Kijana_Himbi (Goma): Yambo wakubwa. Niko na saa ya mkono, Seiko 5 yenye mashine 7S26. Ghafla wiki hii imeanza kutangulia saa ya simu, kama dakika nne kila siku. Mfuniko wa nyuma nimeubana kwa mpira wa watoto uliopungua upepo, nikazungusha, ukatoka bila mkwaruzo. Ndani naona kikono chenye alama + na −. Nataka kukisukuma kwa bisibisi niliyochonga kutoka spoku ya baiskeli. Itafaa?

MzeeMajengo: Weka hiyo spoku chini, kijana. Ikiteleza kidogo tu inaangukia springi ya unywele, ile nyembamba iliyojiviringisha, na ikishapinda utatafuta balansi nzima, yaani gurudumu linalocheza huku na huku pamoja na springi yake. Halafu dakika nne za ghafla si kazi ya kikono. Mashine hiyo kiwandani inaruhusiwa kuchelewa sekunde 20 au kutangulia 40 kwa siku. Kikono ni cha kurekebisha hizo. Mimi nadhani imeshika sumaku. Unailaza karibu na spika? Mizunguko ya springi inanatana, ni sawa na kuifupisha, basi balansi inakwenda mbio. Weka dira ndogo juu yake, ya sindano, si ya simu. Sindano ikitetemeka kufuata mapigo, ndiyo hiyo.

Mama_Nguba (Bukavu): Mzee amesema. Sumaku ikitoka na bado zimebaki sekunde, tumia kijiti cha meno cha mwanzi. Vikono viko viwili: kile kilichoshika ncha ya springi usikiguse kabisa, kinaharibu ulinganifu wa mapigo. Sukuma kingine kidogo mno, kuelekea − kama inatangulia, kisha subiri siku nzima. Na vumbi la kwenu ni jiwe la volkano ya Nyiragongo. Likiingia kwenye mafuta linasugua kama msasa. Usipokuwa unaigusa, ifunike kwa glasi.

Kijana_Himbi: Dira imecheza! Nisokote koili ya waya niichomeke kwenye umeme wa nyumbani wa SNEL?

MzeeMajengo: Koili ya kujisokotea kwenye volti 220? Utaungua wewe kabla ya saa. Tafuta fundi wa televisheni za zamani, zile zenye kisogo. Wengine bado wana koili ya kutolea sumaku kwenye kioo. Rudisha mfuniko kwanza. Aiwashe, uisogeze saa kwenye koili, uivute taratibu mpaka mkono unyooke, ndipo azime. Akizima ikiwa bado karibu, inaweza kubaki na sumaku ileile.

Kijana_Himbi: Asante mzee. Naelekea Birere kuuliza.