Iringa na Njombe zinalisha nchi, watoto wake wadumavu: lawama ni ya akina mama?

Mwanzisha mada
Wakuu, salaam. Kila takwimu za lishe zikitoka wimbo ni uleule: akina mama wa Nyanda za Juu Kusini wapewe elimu. Mimi nabisha.

Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta asilimia 34 ya watoto wa chini ya miaka 5 nchini wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao; wa 2022 ukakuta 30. Iringa, katika muda huohuo, ikapanda kutoka 42 hadi 57! Njombe na Rukwa ziko kwenye 50 hivi. Dar es Salaam, wanakonunua unga dukani, iko chini ya wastani wa taifa. Kwa hiyo ghala kujaa mahindi siyo jibu.

Nimekulia Mufindi. Mama anadamka alfajiri kwenda kuchuma chai au kupalilia, anarudi jua linazama. Mtoto wa mwaka na nusu kaachwa na dada yake wa miaka saba na bakuli la uji uliokwisha kupoa. Tumbo lake ni dogo, anatakiwa ale mara nne au tano kwa siku. Anakula mara mbili kama baba yake. Semina ya lishe itamwongezea huyo mama saa ngapi? Na gunia likiuzwa, pesa inaingia mfuko wa nani? Baba haitwi semina.

Mchangiaji 1
Mkuu, unatetea kupita kiasi. Bibi anamwanzishia mtoto uji ana miezi miwili, eti maziwa ya mama hayamtoshi. Hapo muda unahusikaje? Kuku wanataga, mayai yote yanakwenda gulioni. Mahindi yanakobolewa mpaka yawe meupe pee, kiini na pumba anapewa nguruwe. Sijawahi kuona nguruwe mdumavu huku kwetu.

Mwanzisha mada
Kwenye nguruwe umenipata 😂. Ila mayai yanauzwa ili inunuliwe sabuni na daftari. Mwambie asiuze, halafu umpe hiyo sabuni.

Mchangiaji 2
Niko kliniki ya watoto, naomba niongezee. Mdumavu wengi wenu hamumtambui. Anakuja ana mashavu, mchangamfu, kila mtu anamsifu. Uzito kwa urefu wake uko sawa. Tatizo ni urefu kwa umri, na siku nyingi foleni ikiwa ndefu tunaishia kwenye mizani tu. Ukimwambia mama mtoto ni mfupi, anakujibu ukoo wao ni wafupi. Nani atatafuta tiba ya kitu asichokiona?

Tena safari huanzia tumboni. Mama mwenye upungufu wa damu, anayebeba kuni mpaka mwezi wa tisa, anajifungua mtoto aliyekwisha kuachwa nyuma. Kisha kuhara na minyoo; hata hicho kidogo anachokula hakimjengi. Tangu mimba mpaka miaka miwili ni siku 1,000, na huyo mnayemshangaa darasa la kwanza zake zilishapita. Baba kliniki? Labda mmoja kwa wiki, naye kaleta pikipiki.

Mchangiaji 3
Mbona sheria ya virutubishi ipo tangu 2011? Unga wa kiwandani lazima uongezwe madini na vitamini.

Mchangiaji 1
Wa kiwandani, ndugu yangu. Kijijini tunabeba debe la mahindi kichwani hadi mashine ya jirani, tunasubiri, tunarudi nalo. Hicho kirutubishi kitaingilia wapi?

Mwanzisha mada
Dada wa kliniki, nakubali, elimu inatakiwa, lakini ianze kwa wababa na mabibi. Na hata wote wakielewa, mchana wa Januari wakati wa palizi nani atamlisha mtoto? Nilipeleka hoja kwenye mkutano wa kijiji: msimu wa palizi, kila kitongoji kiwe na nyumba moja ya kulelea watoto, akina mama wawili wabaki kwa zamu, kila kaya itoe maharage na mahindi, baba alete kuni. Nikaambiwa hakuna fungu. Maharage na kuni vinahitaji fungu gani? Kama kuna kijiji kimeshajaribu jambo hili, nielezeni wale wa zamu mliwalipaje, maana hapo ndipo wanawake wenyewe walinibana.